Redio, ukuta na simu: mwongozo kamili wa kutangaza chakula cha asili kutoka Mbeya

Kila baada ya mavuno linanifikia lalamiko lile lile. Mtu amelipia redio wiki mbili, amezungusha gari la matangazo kutoka Kabwe hadi Uyole, na amefungua ukurasa wa Instagram wenye picha za kuvutia. Mwisho wa mwezi ananiambia: "Watu wananijua, ila hawanunui."

Nikiomba anionyeshe kazi yenyewe, kosa huwa halijifichi. Tangazo la redio halitaji namba ya simu. Ukurasa una namba, lakini siyo ile iliyo kwenye mfuko. Bango lina jina moja, Facebook jina jingine. Mama aliyesikia redio akiwa jikoni Sokomatola hana njia ya kufika kwenye simu yako, na kijana aliyeona video yako akiwa Dar es Salaam hajui mzigo unapatikana duka gani. Redio na simu zinaishi nyumba moja bila kusalimiana.

Hatua zifuatazo ni za kuzifanya zisalimiane. Mfano wangu ni mchele wa Kyela kwa sababu ndiyo biashara ya nyumbani kwetu: aliianza mama mkubwa, sisi watoto tumeipokea. Ukiuza chai ya Rungwe, asali ya Mufindi au unga wa dona, badilisha bidhaa tu. Njia ni hii hii.

## Andaa hivi kwanza

Usianze hatua yoyote kabla hivi havijakaa mezani:

- Mzigo wa wiki sita. Piga hesabu ya mauzo yako ya kawaida ya wiki, zidisha kwa sita, kisha ongeza kidogo. Ukitangaza ukaishiwa, umemtangazia jirani yako wa sokoni.
- Karatasi. Usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango). Tangu 2019 masuala ya usajili wa vyakula yapo TBS. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanajua njia na barua zinazotakiwa.
- Laini mpya ya simu ya biashara peke yake, na simujanja inayokaa na chaji.
- Lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Mteja wa mbali akiona jina la mtu asiyemjua likitokea kwenye malipo, anaghairi.
- Mtu mmoja wa kupokea simu, mwenye subira na anayejua bei zote.
- Mzee mmoja wa ukoo anayekubali sauti na sura yake vitumike.
- Daftari la kaunta. Kubwa, lenye mistari.

Kuhusu fedha, tuseme una shilingi 600,000. Mimi ningetenga 150,000 kwa ukuta, 200,000 kwa redio, 100,000 kwa gari na vionjo, 50,000 kwa kulipia matangazo ya mtandaoni, na 100,000 nisiiguse. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayolipia kitu ambacho hukukijua ulipoanza. Kipo, na utakutana nacho.

## Hatua ya 1: Toa ahadi moja inayoonjeka

"Mchele bora wenye viwango vya kimataifa." Maneno haya yako kwenye kila mfuko kuanzia Igurusi hadi Tunduma, na hakuna mlaji anayeyasoma.

Kaa na aliyeianzisha biashara, muulize swali hili tu: mteja akirudi, huwa amefuata nini? Usimsaidie kujibu. Mama mkubwa alijibu bila kufikiri: "Wanajua sichanganyi."

Hapo ndipo palipokuwa na ahadi. Kila anayenunua soko la Mwanjelwa anajua mfuko unaweza kuandikwa Kyela huku ndani mna punje za kwingine. Mchele wa Usangu una uzuri wake, na wapo wanaoupenda kuliko wetu. Ubaya ni kumpa mtu jina la baba asiye wake. Tukaandika: *Wa Kyela mtupu, haujachanganywa.* Maneno manne, redio inayatosha na ukuta unayatosha.

Ahadi ikishapatikana, ipeleke ikaliwe. Wapikie mama lishe watatu wasio ndugu zako, waambie sentensi hiyo mara moja, urudi baada ya siku tatu. Kama wanaikumbuka kwa maneno yao wenyewe, endelea. Wakikwambia "si ule mchele wenu mzuri", ahadi haijashika. Rudi kwa mzee.

Onyo: usiahidi tiba. Ukiandika kwamba mchele, asali au chai yako inatibu kisukari au presha, umetoka kwenye chakula umeingia kwenye dawa, na huko kuna sheria nyingine kabisa.

## Hatua ya 2: Jina moja, namba moja

Tuliwahi kuchapisha mifuko 500 yenye namba ya simu iliyokosewa tarakimu ya mwisho. Mwenye namba ile, dereva wa bodaboda wa mji mwingine, alipokea maagizo ya mchele mwezi mzima. Alikuwa mstaarabu, akawa anawaambia wateja wapige vizuri. Tulikaa jioni tatu tukibandika stika.

Kwa hiyo kabla hujachapisha chochote, piga namba iliyo kwenye karatasi ya mchapaji, usipige ile uliyoihifadhi kwenye simu yako. Tazama karatasi, bonyeza tarakimu moja moja, uone nani anapokea.

Chagua namba inayotamkika. Isome kwa sauti jinsi watu wanavyotajiana namba, kwa mafungu, na mtu wa pembeni ajaribu kuirudia. Akikwama, tafuta laini nyingine. Gharama ya laini ni ndogo kuliko stika 500.

Jina nalo lina mtego wake. Majina mengi ya kwetu yana *ng'*, na ile ritifaa haikubaliki kwenye jina la mtumiaji la Instagram. Ukiiacha, jina linasomeka vingine, na aliyelisikia redioni hataliona akilitafuta. Basi jaribu jina Instagram, Facebook na TikTok siku moja, na likipatikana kote kwa tahajia moja ndipo ulipeleke kwa mchapaji. Likigoma sehemu moja, libadilishe kote.

Halafu lilinde. Watu wengi hudhani usajili wa jina la biashara BRELA unatosha. Alama ya biashara husajiliwa peke yake, hapo hapo BRELA. Tanzania Bara hudumu miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Fanya hivyo kabla ya redio. Chapa ikishasikika, anayeiga hachelewi.

Umefaulu hatua hii kama mtu asiyekujua, akipewa jina tu kwa mdomo, anaifikia namba yako ndani ya dakika moja.

## Hatua ya 3: Tayarisha simu kabla ya kuwasha spika

Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo fedha za redio zinapomwagika. Tangazo hurushwa saa 1 asubuhi, watu 20 wanapiga, simu iko ndani ya mkoba kanisani. Wale 20 hawarudi.

Pakua WhatsApp Business, si ile ya kawaida. Kisha fanya kazi hii jioni moja, umekaa, bila haraka:

Wasifu. Picha ya wasifu iwe nembo, isiwe sura yako wala gunia. Andika mtaa, alama inayojulikana karibu na duka, na saa za kufungua.

Katalogi. Piga picha kila ujazo: kilo 1, 5, 10 na 25, mfuko ukiwa umesimama mezani. Kila picha iwe na bei. Najua wapo wanaoandika "bei njoo inboksi". Sielewi kwa nini mtu alipie redio ili amfiche mteja bei.

Majibu ya haraka. Andika matatu: bei, mahali, usafirishaji. La usafirishaji liwe kamili: mzigo wa mikoani unapanda basi siku gani, nani analipa nauli ya mzigo, na kwamba utamtumia picha ya risiti ya basi. Mteja wa Dar akishaiona risiti, wasiwasi wake unakwisha.

Lebo. Weka lebo nne za rangi: ameuliza, amelipa, amepokea, amerudi. Hiyo ya nne utaihitaji kwenye hesabu.

Kiungo. Anwani yako fupi ni wa.me/ ikifuatwa na namba inayoanza na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Ibandike Instagram, Facebook na TikTok. Msimbo wa QR upo ndani ya programu yenyewe; uhifadhi, tutauchapisha kwenye mfuko.

Kuna jambo la kiufundi linalowapiga chenga wengi. Orodha ya matangazo ya WhatsApp hubeba watu 256, na ujumbe hauwafikii wasioihifadhi namba yako. Unaweza kuwa na namba 1,000 ukawa unajiandikia mwenyewe. Hivyo kila anayenunua aombwe kuihifadhi, na apewe sababu: "Hifadhi namba hii mama, bei ya wiki tunaiweka status kila Jumatatu." Bila sababu, hahifadhi mtu.

Na usimwingize mtu kwenye orodha bila ridhaa yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na namba ya simu ya mteja ni taarifa binafsi. Kununua namba za watu kwa mtu anayeziuza ni kutafuta kesi.

Mfundishe mpokea simu namna ya kusema na watu. Mtu mzima anapewa shikamoo hata kwa maandishi. Kijana anaitwa kaka au dada. Kuwaita wote "bosi" kunafaa stendi, hakufai kwa mama wa miaka 60 anayeulizia mchele wa msiba.

Kipimo: mwambie binamu yako atume ujumbe saa 1 usiku kutoka namba usiyoijua. Akijibiwa kwa adabu ndani ya dakika tano, na bei kamili, spika sasa inaweza kuwashwa.

## Hatua ya 4: Mfuko na ukuta

Mfuko ni tangazo linaloingia hadi jikoni. Mbele uweke jina, ahadi, uzito na namba. Nyuma uweke msimbo wa QR, mkubwa kiasi cha kidole gumba au zaidi, kwenye sehemu isiyokunjamana mfuko ukijaa. Acha nafasi tupu ya kuandika kwa kalamu tarehe ya kukoboa na namba ya shehena. Nafasi hiyo nitairudia mwishoni.

Ukuta ni wa barabarani. Tafuta duka linalotazama mahali ambapo Hiace husimama, siyo zinapopita kasi. Zungumza na mwenye duka: wewe unampakia ukuta wote rangi mpya, yeye anakupa upande mmoja kwa mwaka na anauza mzigo wako. Mwandikiane, hata kwenye karatasi ya daftari, mbele ya shahidi. Ulizia pia ofisi ya halmashauri kuhusu ada ya matangazo kabla fundi hajapanda ngazi.

Weka vitu vinne tu: jina, ahadi, namba, na neno la siri nitakalolieleza kwenye hatua ya 5. Picha ya sufuria ikibaki nafasi. Kuujua ukuta kama unasomeka, upige picha kutoka ng'ambo ya barabara kisha ipunguze iwe ndogo kama picha ya wasifu ya WhatsApp. Usichoweza kukisoma hapo, abiria naye hatakisoma.

Tukuyu na Kyela mvua hainyeshi kwa utani. Turubai lililochapishwa huchakaa na kupasuka mapema. Rangi ya mafuta ukutani hudumu. Acha nusu mita chini bila maandishi, maana matope ya msimu yatakuja kuandika ya kwao.

## Hatua ya 5: Redio

Mbeya mjini kuna Bomba FM na Dream FM, Rungwe kuna Chai FM, Iringa kuna Ebony FM, Njombe kuna Kings FM. Usichague kwa jina. Chagua kwa masikio: panda Hiace uende hadi wateja wako waliko, sikiliza njiani kwa redio ya simu, andika inapokatika. Mawimbi ya FM huenda kwa mstari ulionyooka, na milima yetu huyakata. Afisa mauzo atakwambia inasikika mkoa mzima. Mlima haujaambiwa hivyo.

Omba kadi ya bei, na omba kwa maandishi ratiba ya kurushwa. Wiki tatu kwenye redio moja ni bora kuliko wiki moja kwenye redio tatu, kwa sababu namba ya simu haikaririwi kwa kusikika mara mbili. Mama lishe huwa na redio tangu saa 11 alfajiri. Wenye familia utawapata jioni, saa 11 hadi saa 1 usiku. Katikati ya mchana ni nafuu, nayo inastahili kuwa nafuu.

Tangazo la sekunde 30 hubeba maneno kama 60 yakisemwa bila kukimbia. Letu la mwaka jana lilikuwa na muundo huu:

> *(Mfuniko wa sufuria unafunuliwa.)*
> Jirani: Hodi hapa!
> Mama: Karibu, shoga.
> Jirani: Nimefuata harufu. Huu ni wa Kyela kweli, au wa kuandikiwa?
> Mama: Wa Kyela mtupu, haujachanganywa.
> Jirani: Umeutoa wapi?
> Mama: (Jina la chapa), soko la Mwanjelwa. Piga au tuma WhatsApp: (namba). Sema neno *chungu*, upewe bei ya leo.
> Jirani: Narudia: (namba). Na sahani yangu iko wapi?

Tazama mambo mawili. Namba imetajwa mara mbili, tena na sauti mbili tofauti. Na kuna neno la siri, *chungu*. Kila njia ina neno lake: redio ni chungu, gari ni kinu, ukuta ni ungo, video ni mwiko. Mteja akipiga akasema "chungu", unajua redio ndiyo iliyomleta, bila kumhoji kama askari. Usipofanya hivi, hatua ya 9 haiwezekani.

Usitumie wimbo wa msanii bila ruhusa yake, hata kipande cha sekunde tano. Gonga mfuniko wa sufuria. Una midundo ya kutosha.

Ukiweza, lipia pia kutajwa na mtangazaji mwenyewe ndani ya kipindi. Mpelekee mchele aupike kwake kwanza. Mtangazaji aliyekula husema kwa sauti nyingine.

Siku ya kwanza ya kurushwa, mpokea simu asiwe na kazi nyingine yoyote. Ukipata wapigaji wanaotaja neno lako bila kuulizwa, tangazo limeingia. Wakipiga wakiuliza "ninyi ni akina nani kweli?", jina linasemwa haraka mno, rekodi upya.

## Hatua ya 6: Gari la matangazo lipite na simu mkononi

Gari bado linafanya kazi, hasa siku za gulio na siku ambazo mishahara imetoka. Omba kibali halmashauri, wajulishe viongozi wa mitaa utakayopita, na zima spika karibu na shule, hospitali na nyumba za ibada. Ukikuta turubai la msiba, zima na upite taratibu. Chapa iliyopiga muziki kwenye msiba Mbeya hii haisahauliki, na hutapenda namna inavyokumbukwa.

Kinachobadilika ni kiti cha mbele. Mweke kijana mwenye simu. Saa moja kabla, aandike status: "Leo saa 4 tutakuwa Kabwe, saa 6 Mwanjelwa, saa 9 Uyole. Sufuria iko jikoni." Gari likisimama, arekodi watu wakionja, kwa ruhusa yao. Wateja wa zamani wanakuja kwa sababu ya simu, wapya wanakuja kwa sababu ya spika, na wanakutana kwenye sufuria moja. Mpya akimsikia wa zamani akisema "huu naujua", kazi yako imefanywa na mtu usiyemlipa.

Anayeonja asiondoke hivi hivi. Mpe simu yake kazi: askani msimbo ulio ubavuni mwa gari, au apige namba pale pale ibaki kwenye simu yake, na ataje *kinu*.

Agosti, wakati wa Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale, acha gari nyumbani. Watu wamekusanyika tayari. Kodi meza na jiko.

## Hatua ya 7: Siku moja ya kurekodi, mwezi mzima wa video

Wengi huposti siku tano mfululizo kisha wanapotea hadi Krismasi. Dawa ni kurekodi kila kitu siku moja. Chagua asubuhi, mlango wa jiko wazi, mzee akae akitazama mwanga. Julai na Agosti upepo wa Mbeya huharibu sauti; rekodi ndani, simu iwe karibu na anayesema.

Usimpe mzee maneno ya kukariri. Mama mkubwa alipewa karatasi, akaongea kama anasoma taarifa ya habari. Tulipoificha karatasi na kumwuliza namna ya kuujua mchele uliochanganywa, alisema dakika sita bila kupumua, akimwaga punje kiganjani, akinusa, akipanga ndefu huku na chenga kule. Tukazikata dakika hizo zikawa video nne.

Nyingine ni hizi: kupembua kwa ungo, kiasi cha maji kwa kikombe cha mchele, mashine ikikoboa, mzigo ukipakiwa kwenye basi la alfajiri, na mteja anayerudi akieleza anachopikia. Kila moja isizidi sekunde 45, na ianze na kitu kinachotendeka. Mvuke ukipanda, mtu hasogezi kidole. Salamu ndefu humkimbiza, isipokuwa ile ya nyumbani: mama mkubwa husema "Ugonile!" na Wanyakyusa waliotawanyika nchi nzima husimama hapo hapo. Kwa Iringa na Njombe, "Kamwene" hufanya kazi ile ile, ila isemwe na mtu wa huko. Sikio hutambua ya kuazima.

Sasa fundo lenyewe. Chukua sauti ya tangazo la redio, iweke juu ya video ya sufuria ikifunuliwa. Aliyelisikia kwenye Hiace asubuhi akiliona jioni kwenye simu anasema "kumbe ni hawa". Kisha fanya kinyume chake: swali zuri lililoulizwa chini ya video mpelekee mtangazaji alijibu hewani, kwa kutaja mtaa wa muulizaji tu, bila jina.

Ukifungua akaunti ya biashara TikTok, maktaba ya muziki wa kutumia huwa ndogo kuliko ya akaunti binafsi. Si hasara. Sauti ya jiko inatosha.

Na mlipe mzee wako. Sura yake ndiyo inayouza.

## Hatua ya 8: Kulipia mtandaoni

Fupi. Usisponse video kwa kuwa wewe unaipenda. Subiri wiki mbili, chagua ile iliyoleta maswali ya bei bila kulipiwa, hiyo ndiyo uiongezee nguvu. Lengo liwe ujumbe wa WhatsApp, si wafuasi. Weka matangazo mawili: moja la Mbeya linalozunguka duka lako kwa kilomita chache, likisema "fika leo", jingine la Dar es Salaam, likisema siku ya basi na nauli ya mzigo. Anza na 5,000 kwa siku, siku tano kwa kila moja, ukome ukatazame. Hayo mawili yanamaliza 50,000 yako.

## Hatua ya 9: Hesabu kwa daftari

Chora safu sita: tarehe, neno alilotaja, mahali alipo, kilo, ameridhia ujumbe au la, amerudi lini. Mpokea simu ajaze pale pale. Jioni hakumbuki mtu.

Mfano, kwa namba za kubuni. Redio imekula 200,000 na imeleta wanunuzi 16 waliosema *chungu*. Kila mmoja amekugharimu 12,500. Kama kila mmoja alichukua kilo 10 na faida yako ni 400 kwa kilo, umepata 4,000 kwa kichwa. Hapo watu hufunga daftari na kusema redio ni wizi. Ngoja. Akirudi mara tatu, amefikisha manunuzi manne, yaani 16,000, na redio imejilipa. Swali la kujiuliza ni wangapi kati ya 16 wana lebo ya *amerudi* baada ya miezi mitatu.

Ukuta wa 150,000 unaoleta wateja sita tu kwa mwezi unaonekana mvivu. Kwa mwaka ni 72, sawa na kama 2,080 kwa kila mmoja. Ndiyo maana nimeuweka kabla ya redio.

Mteja asiyetaja neno, muulize mara moja tu "umetusikia wapi, mama?" Asipokumbuka, andika kistari. Usijaze kwa kubahatisha ili njia unayoipenda ionekane imeshinda.

Ukiona neno moja halijatajwa kwa wiki tatu, simamisha njia hiyo na uitafutie kosa: namba haisikiki, ukuta umezibwa na kibanda kipya, video haina kiungo. Mara nyingi ni kitu kidogo hivyo.

## Hatua ya 10: Siku ya mawe

Itafika. Chini ya video yako nzuri kuliko zote mtu ataandika: "Mchele wenu una mawe."

Usifute. Walioliona tayari watajua umefuta. Jibu hapo hapo mbele za watu, kwa ufupi: pole, tunaomba tarehe iliyoandikwa nyuma ya mfuko, tunakutumia mwingine. Mazungumzo mengine yahamie WhatsApp. Ile nafasi ya kalamu uliyoiacha kwenye mfuko ndiyo inayokuokoa sasa: ukijua shehena, unajua mashine iliyokoboa, siku, na mifuko mingine iliyotoka pamoja nayo.

Fungua miwili ya shehena hiyo iliyobaki dukani. Ikiwa misafi, rekodi ukiichambua na uiweke. Ikiwa na mawe, ondoa yote madukani siku hiyo, wapigie wote waliochukua kutoka shehena hiyo, na utumie ile 100,000 uliyoambiwa usiiguse.

Kwetu ilitokea mara moja, mifuko 30. Ilirudi yote isipokuwa miwili. Mama mkubwa aliimwaga juu ya mkeka uani, akatuita sote na nyungo, tukachambua hadi giza, na yule kijana wa kiti cha mbele alirekodi. Hadi leo ndiyo video iliyotuletea *mwiko* nyingi kuliko zote.